Bima ya Wakubwa

Mwishoni mwa Septemba 1987, Diego Maradona alikuwa ameshatupwa nje ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Napoli ilikuwa imetwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya kwanza katika historia yake, nahodha wake alikuwa amenyanyua Kombe la Dunia mwaka mmoja kabla, na droo ya raundi ya kwanza ikaikutanisha na Real Madrid. Mechi ya kwanza ilichezwa Bernabéu bila mashabiki, kwa kuwa Madrid walikuwa wakitumikia adhabu ya UEFA, na wenyeji wakashinda 2-0. Wiki mbili baadaye, mjini Naples, Napoli walitangulia kufunga, Emilio Butragueño akasawazisha, na habari ikaishia hapo. Mchezaji bora wa dunia hangeonekana tena katika mashindano hayo mpaka msimu mwingine, na hata huo ungemtaka kwanza autwae upya ubingwa wa Italia. Shabiki wa Madrid aliona ushindi mtamu. Silvio Berlusconi, aliyeinunua AC Milan mwaka 1986 huku akimiliki vituo vya televisheni, aliona mali iliyopotea. Muda si mrefu akamwagiza Alex Fynn, mtaalamu wa matangazo wa kampuni ya Saatchi & Saatchi, aandike mpango wa ligi ya Ulaya ambamo klabu kubwa zingekuwa na uhakika wa kukutana mara kwa mara mbele ya kamera. UEFA haikuuchukua mpango huo kama ulivyo. Iliuchukua kipande kwa kipande.

Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba hatua ya makundi ilizaliwa na hofu hiyo, na kwamba kazi yake ya msingi kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa kuwakatia wakubwa bima: kuhakikisha kuwa ajali ya usiku mmoja haiwagharimu msimu mzima. Watu wengi wameilaumu hatua hiyo kwa kuchosha, kana kwamba ilikosewa tu katika kupangwa, na kwa hiyo wakaamini kwamba kubadilisha mpangilio kungerudisha uhondo. Mimi naona ilichosha kwa sababu ilitimiza lengo lake. Anayetaka kujua kama mfumo mpya umeponya lolote hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyeulipia ule wa zamani na kwa nini.

Tuanze na jinsi ilivyokua. Katika Kombe la Mabingwa la awali, bingwa alicheza mechi 9 tu: raundi nne za nyumbani na ugenini, kisha fainali. Msimu wa 1991-92 timu 8 zilizobaki ziligawanywa katika makundi mawili, na kila kinara wa kundi akaenda fainali. Barcelona iliishinda Sampdoria uwanjani Wembley kwa frii kiki ya Ronald Koeman katika muda wa nyongeza. Msimu uliofuata mashindano yakapewa jina la Ligi ya Mabingwa. Mwaka 1994 makundi yakawa manne, na hapo likafanyika jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: mabingwa wa nchi ndogo hawakuruhusiwa tena hata kugonga mlango, wakapelekwa Kombe la UEFA. Mwaka 1997 walirudishwa kwenye hatua za awali, lakini safari hii walikuta washindi wa pili wa ligi kubwa wameshakaribishwa ndani. Mwaka 1999 makundi yakawa manane yenye timu 32, nchi zilizo juu zikaruhusiwa kuingiza hadi timu nne, na kwa misimu minne kukawa na hatua mbili za makundi, kiasi kwamba timu iliyofika fainali ilikuwa imecheza mechi 17 tangu makundi yaanze. Fainali ya 1999 yenyewe, ile ya Manchester United na Bayern Munich, iliwakutanisha wawili ambao hakuna kati yao aliyekuwa bingwa wa nchi yake msimu uliotangulia. Ubingwa wa Uingereza ulikuwa wa Arsenal, wa Ujerumani ulikuwa wa Kaiserslautern. Afrika nayo ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 1997, Kombe la Mabingwa lilipogeuzwa Ligi ya Mabingwa yenye makundi, na mwaka uliofuata Yanga ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kuingia humo. Kule Ulaya kila badiliko lilitangazwa kwa lugha ya kupanua mashindano, na ni kweli yalipanuka. Yalipanukia upande wa wenye nacho.

Bima hiyo ilivyofanya kazi inaonekana waziwazi katika mechi moja. Tarehe 28 Septemba 2021 Sheriff Tiraspol, klabu ya kwanza ya Moldova kufika makundi, ilikwenda Bernabéu. Jasur Yakhshiboev, raia wa Uzbekistan, akafunga kwa kichwa kipindi cha kwanza. Karim Benzema akasawazisha kwa penalti. Madrid wakashambulia mfululizo, mpira ukirudi kwenye boksi la Sheriff kila baada ya sekunde chache, mpaka dakika za mwisho, ambapo mpira wa kurushwa ulimfikia Sébastien Thill wa Luxembourg nje ya boksi. Alipiga shuti la mguu wa kushoto lililoingia kwenye pembe ya juu. Ulaya nzima ilizungumzia bao lile kwa wiki nzima. Sasa tazama jedwali la mwisho la kundi lile: Real Madrid pointi 15, Inter 10, Sheriff 7, Shakhtar Donetsk 2. Madrid walikwenda Tiraspol wakashinda 3-0, wakaongoza kundi, na mwezi Mei wakalichukua kombe jijini Paris mbele ya Liverpool. Bao kubwa kuliko yote katika historia ya soka la Moldova liliwagharimu Madrid pointi moja ambayo hawakuihitaji. Katika mtoano wa miaka ya zamani, ushindi wa ugenini wa 2-1 ungewalazimu Madrid kwenda kupigania uhai wao. Huku walikuwa bado na mechi nne mkononi.

Ndiyo maana siyashangai matokeo ya jumla. Real Madrid haikuwahi kutolewa katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa hata mara moja. Bayern Munich ilicheza mechi 40 za makundi bila kupoteza, kuanzia mwishoni mwa 2017 mpaka mfumo ulipofungwa Desemba 2023. Msimu wa 2019-20, kwa mara ya kwanza, timu zote 16 zilizovuka makundi zilitoka katika nchi tano tu: Uingereza, Hispania, Italia, Ujerumani na Ufaransa. Ajax, iliyokuwa imebakiza sekunde chache kufika fainali miezi michache kabla, ilikusanya pointi 10 ikabaki nje.

Pingamizi la kwanza ni la haki, na ni zito. Watasema: mechi sita huonyesha timu bora kuliko mechi mbili, na mashindano yanayomwondoa Maradona Septemba yanaendeshwa na bahati. Nakubali kwamba mechi nyingi hupunguza bahati. Lakini bahati ikipungua, kinachobaki kuamua ni kile ambacho klabu ilikuja nacho mlangoni, yaani kikosi, na kikosi hununuliwa. Kwenye ligi ya nchi moja tunakubali kuipima timu kwa mechi 34 au 38 kwa sababu, angalau kwa nadharia, timu zinaishi chini ya sheria moja na soko moja la televisheni. Bingwa wa Cyprus na bingwa wa Uingereza hawaishi katika uchumi mmoja. Ukiwapa mechi nyingi ili ubora ujitokeze, unaipa tofauti ya mapato muda wa kutosha kujitokeza. Na tusisahau kwamba mtoano wa nyumbani na ugenini haukuwa kamari ya kurusha sarafu. Dakika 180, nusu yake mbele ya mashabiki wako, zilimtosha mkubwa kujirekebisha na zilimtosha mdogo kuthubutu.

Pingamizi la pili linahusu fedha, na hapa ndipo watetezi wa makundi hujiona salama zaidi. Wanasema klabu ndogo iliyoingia makundini ilipata mechi tatu za nyumbani za uhakika na malipo ambayo mtoano usingeipa kamwe. Ni kweli kabisa. Kati ya 2021 na 2024 kuingia tu kulilipwa euro milioni 15.64, na ushindi mmoja euro milioni 2.8. Swali ni fedha hizo zilifanya nini zilipofika nyumbani. BATE Borisov ilitwaa ubingwa wa Belarus mara 13 mfululizo, 2006 hadi 2018. Red Bull Salzburg ilitwaa wa Austria mara 10 mfululizo, 2014 hadi 2023. Ludogorets ya mji mdogo wa Razgrad ilipanda daraja la kwanza la Bulgaria, ikachukua ubingwa mwaka 2012 na haikuuachia mpaka 2025, misimu 14. Sisemi fedha za UEFA ndizo pekee zilizofanya hivyo. Salzburg ina kampuni tajiri nyuma yake, na Ludogorets ina mmiliki mwenye uwezo. Lakini zawadi inayompata mmoja tu katika nchi, mwaka baada ya mwaka, haiwezi kuacha ushindani salama. Malipo yaliyokusudiwa kumwinua mdogo Ulaya yalimfanya mkubwa asiyeguswa kwao, na kumbe hayakutosha kumsogeza karibu na wakubwa wa kweli.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wao wenyewe wa hilo. Mbwana Samatta alikuwa mfungaji tegemeo wa Genk iliyotwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, na kwa ubingwa huo akawa Mtanzania wa kwanza kucheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Novemba mwaka huo, uwanjani Anfield, ilipigwa kona, Samatta akaruka juu ya walinzi wa mabingwa watetezi na kuutia mpira wavuni kwa kichwa. Liverpool walihitaji bao jingine ili washinde 2-1. Lakini Genk iliyosimama Anfield haikuwa tena ile iliyotwaa ubingwa. Leandro Trossard alikuwa ameshauzwa Brighton na Ruslan Malinovskyi Atalanta kabla kundi halijaanza. Genk ilimaliza na pointi moja, ya suluhu dhidi ya Napoli. Januari 2020 Samatta mwenyewe akaenda Aston Villa na Sander Berge akaenda Sheffield United, klabu ambazo hazikuwa katika Ligi ya Mabingwa lakini zilikuwa na fedha za Ligi Kuu ya Uingereza. Victor Wanyama wa Kenya alipita njia hiyo hiyo kabla yake. Novemba 2012 aliifungia Celtic kwa kichwa, kwa kona vilevile, katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Barcelona. Celtic walivuka kundi, jambo la kujivunia, na Barcelona wakaliongoza kama kawaida. Msimu ulipoisha Southampton wakamchukua Wanyama. Kwa klabu zilizouza, makundi yalikuwa dirisha la kuonyeshea bidhaa kabla ya dirisha la usajili. Furaha ya usiku ule ilikuwa halali, na hakuna anayepaswa kuidharau. Ila haikugeuka kuwa nguvu.

Hapo mtu mwenye kumbukumbu atasimama na kusema: lawama hizo ni za hukumu ya Bosman. Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliruhusu mchezaji aliyemaliza mkataba kuondoka bure na kuvunja ukomo wa wachezaji kutoka nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Ajax ya 1995, iliyochukua kombe kwa vijana wake, ikasambaratika ndani ya miaka michache. Pingamizi hili lina ukweli mwingi, na anayelipuuza haandiki historia. Kati ya 1986 na 1995 kombe lilikwenda Romania, Ureno, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Hispania na Ufaransa, nchi saba katika misimu kumi, ingawa lazima tukumbuke kwamba klabu za Uingereza zilifungiwa kwa nusu ya kipindi hicho. Kuanzia 2005 mpaka 2024, misimu 20, lilikwenda nchi nne tu. Bosman alifungua mlango wa wachezaji kuondoka. Hakuamua waelekee wapi. Walielekea kwenye fedha, na fedha zilirundikana pale ambapo mashindano yaliahidi kuonekana kila mwaka bila kukosa. Mdhamini na televisheni hawalipi bei kubwa kwa timu inayoweza kutoka Septemba. Mkutano wa mambo hayo mawili, uhuru wa mchezaji na uhakika wa mkubwa, ndio uliolipanua pengo. Kila jambo peke yake pengine lisingefika mbali hivyo.

Wapo pia watakaonikumbusha Rosenborg walioishinda Milan 2-1 kwao San Siro Desemba 1996 na kuitoa. Watataja Dynamo Kyiv walioifunga Barcelona 3-0 nyumbani kisha 4-0 Camp Nou mwaka 1997, au APOEL ya Nicosia iliyoongoza kundi lenye Porto, Zenit na Shakhtar na kufika robo fainali mwaka 2012. Nayapenda matokeo hayo kama wanavyoyapenda. Mawili ya kwanza, hata hivyo, ni ya miaka ambayo makundi yalikuwa bado machache na kikosi cha Kyiv kilikuwa bado hakijauzwa. Na msimu ule ule wa APOEL, Manchester United na Manchester City zote zilishindwa kuvuka makundi, zikashika nafasi ya tatu, na zikaangukia Europa League. Hata aliyeanguka alipewa mashindano mengine ya kuchezea.

Aprili 2021 klabu 12 zilitangaza Super League yao, na ndani ya siku mbili hasira za mashabiki zikaivunja. UEFA ilishangiliwa kama mkombozi. Siku moja tu baada ya tangazo lile, UEFA ilikuwa imepitisha mageuzi yake yenyewe, ambayo baada ya marekebisho ya 2022 yakawa mfumo unaochezwa tangu msimu wa 2024-25: timu 36 katika jedwali moja, kila moja mechi 8, mechi 144 badala ya 96 za makundi. Wanane wa juu wanakwenda 16 bora, wa 9 mpaka wa 24 wanacheza mchujo, 12 wa mwisho wanatoka. Mashabiki wengi waliufurahia, na usiku wa 29 Januari 2025, mechi 18 zilipopigwa kwa wakati mmoja, ulikuwa na msisimko ambao makundi hayakuwa nayo kwa miaka. Sitaki kuwanyang'anya furaha hiyo. Naomba tu tuhesabu. Zamani timu 16 kati ya 32 zilivuka, yaani nusu. Sasa zinavuka 24 kati ya 36, yaani theluthi mbili. Paris Saint-Germain ilikuwa na pointi 4 baada ya mechi 5. Katika kundi la timu nne hali hiyo ingeiweka ukingoni kabisa mwa kutolewa. Ilimaliza ya 15, ikapita kwenye mchujo, na Mei ikaifunga Inter 5-0 katika fainali. Ilistahili kombe kwa mpira iliocheza kuanzia Februari, na ilifika Februari kwa sababu bima imeongezwa.

Angalia tena jedwali la usiku ule. Manchester City ilishinda mechi 3, ikatoka sare 2, ikapoteza 3: pointi 11, nafasi ya 22, ikavuka. Dinamo Zagreb ilishinda 3, sare 2, ikapoteza 3: pointi 11, nafasi ya 25, ikatoka. Walitenganishwa na mabao. Tofauti ya mabao ya Zagreb ilikuwa hasi 7, na hiyo 7 yote ilitoka katika mechi yao ya kwanza kabisa, waliyofungwa 9-2 na Bayern mjini Munich. Kipindi cha pili kilipoanza walipambana kutoka 3-0 hadi 3-2. Kisha wakafunguka, Bayern wakaongeza sita, Harry Kane akimaliza na manne, matatu kwa penalti. Katika kundi la zamani, kipigo kile kingekuwa mechi moja iliyopotea, na mara nyingi matokeo ya timu zilipokutana zenyewe kwa zenyewe ndiyo yangetangulia kuangaliwa. Katika jedwali la timu 36 ambazo nyingi hazikutani, kufungwa mengi na tajiri katika wiki ya kwanza kuliifuata Zagreb mpaka dakika ya mwisho ya Januari, hata baada ya kuifunga Milan usiku huo huo. Atakayesema kwamba msimu huo klabu nne za nje ya nchi tano kubwa zilifika 16 bora, yaani PSV, Feyenoord, Benfica na Club Brugge, anasema kweli, na ni dalili njema. Robo fainali hakubaki hata mmoja wao.

Kwa hiyo sidhani dawa ni kurudi kwenye mtoano wa 1987. Hakuna televisheni itakayoulipia na hakuna klabu kubwa itakayoukubali. Tatizo liko kwenye mgawanyo. Katika mfuko wa Ligi ya Mabingwa wa msimu wa 2024-25, euro bilioni 2.437, asilimia 27.5 iligawanywa sawasawa, ndiyo euro milioni 18.62 kwa kila klabu, na asilimia 37.5 ikafuata matokeo ya uwanjani. Asilimia 35, fungu kubwa kuliko lile la usawa, ilifuata ukubwa wa soko la televisheni la nchi na rekodi ya klabu Ulaya kwa miaka 5 na 10 iliyopita, yaani malipo kwa kuwa mkubwa jana. Ukilihamishia fungu hilo kwenye usawa, kila klabu ingeanza na zaidi ya milioni 42. Lakini ukiishia hapo utakuwa umeipa Ludogorets ubingwa mwingine wa Bulgaria kabla msimu haujaanza. Sehemu ya nyongeza hiyo ingepaswa kuipita klabu inayoshiriki na kwenda moja kwa moja kwa washindani wake wa nyumbani, kwa Levski na kwa CSKA Sofia, ile CSKA iliyowatoa mabingwa watetezi wa Ulaya mara mbili, Nottingham Forest mwaka 1980 na Liverpool mwaka 1982.